Rada Tuliyoisuka Lanham

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungwa kwenye meza. Msimamizi wa Karakana alinipa koti la bluu lisilo na mifuko, akanivisha bangili ya kitambaa mkono wa kushoto, kisha akachukua waya mwembamba uliotoka kwenye bangili ile na kuuchomeka pembeni mwa meza ya chuma. Nilipoinuka kufuata kalamu niliyoiacha dirishani, waya ukanirudisha. Nikakaa.

"Umezoea?" akaniuliza.

"Bado, mama. Shikamoo."

"Hiyo shikamoo peleka kwenu Tanzania. Hapa ni habari ya asubuhi, halafu unafanya kazi."

Bangili ile haikuwa adhabu. Mwili wa mtu hubeba umeme kidogo, ule unaokuchoma ukishika kitasa cha mlango wakati wa baridi. Kwako ni mshtuko wa kucheka, lakini kwa kifaa cha elektroniki kilicho chembamba kuliko ukucha ni radi. Waya ule huupeleka umeme wako ardhini polepole, kifaa kikabaki salama. Ninyi mnaoanza ufundi huu leo mtafungwa vilevile, na nawaambia mapema msione haya.

Ila kwa mtu kama mimi, kufungwa mezani lilikuwa jambo zito. Nilizaliwa Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu, na nadhani ugonjwa wangu ulianzia hapo. Utoto wangu niliutumia kutazama malori yakichagua njia. Nilipomaliza kidato cha nne na mimi nikachagua: Mbeya, Lusaka, Durban. Kisha bahati nasibu ya kadi ya kijani, kibali cha kuishi Marekani, ikaniangukia, ikawa Texas, Ohio, Maryland. Nimeuza betri za magari, nimepakia mizigo kwenye ndege, nimewaogesha wazee Rockville. Kila mahali niliondoka kabla jirani hajalijua jina langu vizuri, na nikishaondoka napakumbuka mpaka chakula hakishuki. Nikirudi, siku chache tu, miguu inaanza kuwasha.

Karakana ilikuwa Lanham, nyuma ya duka la matairi, karibu na barabara kuu ya mzunguko kiasi kwamba mngurumo wa magari ulikuwa kama mto usiokauka. Jengo lenyewe halikuwa na kibao cha maana. Mpita njia angedhani tunatengeneza viti vya ofisi. Ndani, tulikuwa tunatengeneza mishipa ya rada.

Nieleze hapo kidogo. Rada hutuma wimbi la redio angani, halafu inanyamaza na kusikiliza. Wimbi likigonga ndege hurudi, na kwa muda lililotumia kwenda na kurudi unajua ndege iko mbali kiasi gani. Kampuni kubwa iliyotupa kazi ilikuwa inaunda rada ya jeshi ya kuona mbali sana, ambayo ingebebwa na lori, ikasimamishwa, ikatazama, ikakunjwa na kuhama. Wahandisi wa kampuni ile walichora. Sisi tulisuka nyaya zote zilizopita ndani yake. Mamia ya nyaya unazipanga juu ya ubao mkubwa wenye misumari, unazifuata njia zake moja moja, halafu unazifunga pamoja kwa uzi wenye nta, fundo baada ya fundo, mpaka zinakuwa kitu kimoja chenye matawi kama mti uliolala. Tulikiita shada. Shada likisukwa vibaya, waya mmoja unasugua chuma, na baada ya mwaka rada inaanza kuota ndege ambazo hazipo.

Kabla ya kuruhusiwa kugusa shada ilibidi nichunguzwe. Kazi ya jeshi hupewi mpaka uwe raia, na kiapo nilikuwa nimeshakula, lakini mama mmoja mpelelezi alitaka kujua kila mahali nilipowahi kuishi. Tulianza asubuhi. Tulipofika Durban aliomba maji.

"Bwana Festo, umehama sana. Unakimbia nini?"

"Sikimbii kitu, mama. Napenda kuona kilicho mbele."

"Na huko Lanham kuna nini mbele?"

"Duka la matairi," nikamwambia. Alicheka, akaandika, na baada ya miezi mingi ya kungoja nikapitishwa.

Sasa nimweleze Msimamizi wa Karakana, maana bila yeye hakuna simulizi. Tulimwita Mama Chebet. Alikuwa Mkenya wa Eldoret aliyelitumikia jeshi la Marekani kama fundi wa rada, na rada aliyoitumikia ni ileile ya zamani ambayo sisi tulikuwa tunaiundia mrithi. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, na hakuna kazi ya mikono aliyoiagiza ambayo mwenyewe hakuifanya kwanza mbele yetu.

Saa ya chai tulikaa kwenye mlango mkubwa wa kupakulia mizigo. Chai ya maziwa yenye tangawizi aliileta yeye. Chapati alileta Zuhura, dada wa Tabora aliyefanya kazi ya kupima nyaya kwa kompyuta na ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha kumenyea waya. Papa Dieudonné, Mkongo wa Bukavu, fundi wa vyuma na rangi, alileta viatu vyake tu, vilivyong'aa, na maoni.

"Ile rada mzee," Mama Chebet alisema siku moja, "ilikuwa inatembea na malori mengi kama harusi. Mkifika, mnaifunga boliti moja moja. Na baridi ya Ulaya, glavu huwezi kuvaa kwa sababu boliti ni ndogo. Unafunga moja, unaweka mkono kwapani, unatoa, unafunga ingine. Jioni ndiyo inaanza kuona. Asubuhi wanakuambia, hameni."

"Na vipuri?" akauliza Zuhura.

"Viwanda vilishaacha kutengeneza. Tulikuwa tunaomba maiti. Rada ikifia mahali, sisi wengine tunaenda kama fisi, kila mtu na spana yake."

"Pole sana," akasema Papa Dieudonné. "Na viatu, mulikuwa munavaa gani?"

Kwa hiyo mpya ilitakiwa iwe tofauti kwa mambo mawili. La kwanza, ya zamani ilitegemea taa moja kubwa ya kuzalisha mawimbi, na taa ikifa rada nzima inakuwa kipofu. Yetu ilikuwa na antena pana kama ukuta, imejaa vitumaji vidogo vingi vinavyofanya kazi pamoja, kama kwaya. Mwimbaji mmoja akikohoa wimbo hauanguki. La pili, ilitakiwa isimamishwe na watu wanne tu, kwa muda mfupi sana. Karatasi za jeshi ziliutaja muda ule kwa dakika. Mama Chebet alitutafsiria.

"Ni muda wa kupika wali," alisema. "Na kitunguu usikaange."

Bosi mwingine aliyekuja mara kwa mara ni Mhandisi Mkuu wa kampuni kubwa, Mmarekani mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusimama nyuma yako kimya akitazama fundo lako la uzi. Mwanzoni tulimwogopa. Baadaye tukagundua anafuata chai. Alikaa nasi mlangoni akisikiliza Kiswahili chetu cha pande zote kikigongana, na wakati Zuhura anahesabu nyaya kwa sauti, nilimwona midomo inacheza, anamfuatisha.

Mtu asiyekuja ovyo alikuwa Meneja wa Mradi. Alipokuja, tulisimamisha kazi zote na kusikiliza. Siku moja alisema jeshi lina rada mbili za kuchagua, yetu na ya kampuni nyingine. Kutakuwa na onyesho uwanjani. Watu wanne watashuka kwenye lori na kuisimamisha rada mbele ya wageni, bila mtu mwingine yeyote kugusa kitu. Wasiwe wahandisi, maana jeshi linataka kuona watu wa mikono.

"Waliozisuka nyaya ndio watakaozifungua haraka," Mhandisi Mkuu akasema, akitutazama.

"Na tukichelewa?" akauliza Mama Chebet.

Meneja alikunja karatasi yake. "Karakana hii ina kazi moja tu. Tukipoteza hii, nitakuja kufunga mlango mwenyewe. Sitaki kuwadanganya."

Jioni ile niliendesha gari kwenda nyumbani nikashangaa kitu ndani yangu. Maisha yangu yote, habari ya kazi kuisha ilikuwa kwangu habari ya safari. Ningekuwa nimeshafungua ramani. Safari hii nilikaa kwenye gari nje ya nyumba niliyopanga, injini imezimwa, nikiwaza kwamba karakana ikifungwa Mama Chebet atahamia kwa binti yake, Papa Dieudonné atafuata ndugu zake Texas, Zuhura atapata kazi popote, na mlango ule wa chai utabaki na duka la matairi. Sikutaka. Nilitaka kubaki Lanham, na sikuwahi kutaka kubaki mahali.

Wanne waliochaguliwa tulikuwa hao hao: Mama Chebet kiongozi, Papa Dieudonné, Zuhura na mimi. Tukaanza mazoezi kwenye uwanja wa nyuma.

Mpango ulikwenda hivi. Lori likisimama na injini ikizimwa, kitu cha kwanza kutoka ni waya wa ardhi. Ni waya mnene, mgumu, unaofungwa kwenye kigingi cha chuma ulichokigongelea udongoni, ili umeme ukipotea njia uende ardhini badala ya kupita kwako. Kabla waya ule haujafungwa, ni marufuku kuwasha jenereta. Jenereta ikiwaka, jeki nne kwenye pembe za lori zinashuka zenyewe na kulisawazisha. Lori likiwa sawa, antena inakunjuka. Lisipokuwa sawa, kufuli ya usalama haifunguki na antena haisogei. Mwisho unaunganisha kibanda cha waendeshaji, ambako Zuhura anakaa mbele ya kioo akingoja ndege ya kwanza ionekane. Hapo ndipo saa inasimamishwa.

Siri ya mwendo wote huo ilikuwa kwenye upakiaji. Kinachotumika kwanza hupakiwa mwisho. Na waya mrefu hauviringishwi kama kamba ya kuanikia nguo, maana ukiuvuta unajisokota na kufanya vifundo. Unaulaza kwa umbo la nane, huku na huku, msokoto wa upande mmoja unafutwa na wa upande wa pili. Ukiuvuta unatoka kama maji. Kutazamwa, rundo la nane ni kitu kibaya. Linafanana na nguo zilizomwagwa na mtu aliyekasirika. Lakini tulilipenda, na wiki za mwisho wali wetu ulikuwa unaiva kabla ya muda.

Halafu ikafika siku ya mwisho kabla ya onyesho.

Mama Chebet alikuwa kwenye kikao. Papa Dieudonné alifungua milango ya nyuma ya lori, akasimama mikono kiunoni kwa muda mrefu.

"Mon frère," akaniambia, "kuja uone."

"Naona. Nyaya."

"Unaona matope. Unaona fujo. Kesho mugeni anafungua nyumba yako anakuta hii? Kanali? Nyumbani kwetu hata mugeni wa kawaida hapiti kwa fujo kama hii."

Zuhura akachungulia. Nilidhani atamcheka. Akasema, "Papa ana haki. Ni aibu." Na mimi, niliyelelewa na mama anayefagia uwanja mpaka barabarani akisikia tu mgeni yuko stendi, nikaenda kuchukua ndoo.

Tuliosha kila kitu. Tulifuta nyaya kwa kitambaa na sabuni, tukaziviringisha duara moja moja, mviringo safi kama sinia, na kila mviringo tukaufunga kwa uzi wetu wenye nta, mafundo mawili, yale mazuri tuliyokuwa tunajivunia. Tukazipanga kwa ukubwa. Waya wa ardhi ulikataa kung'aa. Ulikuwa mweusi, umejaa udongo mpaka ndani ya nyuzi zake, kwa hiyo tukauficha chini kabisa nyuma ya zote, kama unavyoficha sufuria iliyoungua. Papa Dieudonné akapiga rangi vizingiti. Mama Chebet alirudi kutoka kikaoni, akatazama, uso ukalainika.

"Sasa hii ni gari," akasema. Akafunga milango mwenyewe.

Hakuna hata mmoja kati yetu, watu wanne tuliofanya mazoezi wiki hizo zote, aliyekumbuka kwamba kesho yake gari lile lilikuwa la kufanyia kazi. Tulikuwa tunasubiri wageni.

Uwanja wa onyesho ulikuwa kusini, unapita Oxon Hill unaacha mto nyuma, unaingia mashamba. Asubuhi ilikuwa ya mwanga mzuri, umande bado kwenye majani. Wageni walisimama nyuma ya kamba iliyofungwa kwenye vigingi: wanajeshi, Meneja wa Mradi, Mhandisi Mkuu ndani ya shati jeupe na tai. Mbele yao Kanali, mwanamke mwenye mvi, saa ya kupimia mkononi. Lori likasimama. Injini ikazimwa. Kanali akabonyeza.

Papa Dieudonné alifungua milango. Ndani kukang'aa. Nilisikia mgeni mmoja akiguna kwa kupendezwa.

Kisha Papa akaingiza mkono pale waya wa ardhi unapokaa siku zote, akakuta sinia safi la waya wa kibanda, limefungwa mafundo mawili.

"Iko wapi?" akanong'ona.

"Chini," nikasema. "Nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Ya zote."

Mafundo ya uzi wenye nta hayafunguki kwa kucha. Tuliyafunga ili yadumu miaka ishirini. Bila waya wa ardhi hakuna jenereta, bila jenereta hakuna jeki, na wali ulikuwa jikoni.

Mama Chebet alikuja mbio kutoka mbele ya lori, akaona. Nilingoja ile sauti ya ng'ombe. Hakuinua sauti hata kidogo.

"Papa, ingia ndani uichimbue. Toa kila kitu, tupa kwa nyasi, usijali nani anaangalia. Festo, Zuhura, tunapandisha gari kwa mkono."

Kila jeki ilikuwa na mpini wa kuzungusha kwa dharura. Mhandisi Mkuu aliichora hivyo tangu mwanzo, na kwenye mazoezi tuliigusa mara moja tu, kwa sababu jenereta ilikuwa inafanya kazi ile ikiwa peke yake. Kwa mkono, shida yake ni hii: pembe zote nne lazima zipande sawasawa. Moja ikitangulia, fremu inajipinda na kufuli inagoma. Na anayezungusha pembe ya mbele kulia hamwoni aliye nyuma kushoto, maana lori zima liko katikati. Lazima kuwe na mtu wa kuhesabu. Mama Chebet alianza, lakini baada ya mizunguko michache pumzi ikakata. Mimi nilikuwa na pembe mbili, yangu na ya Papa Dieudonné, nazungusha moja kisha nakimbilia nyingine, huku najihesabia kwa sauti. Zuhura alisikia "tatu" yangu akadhani ni ya Mama Chebet.

"Simama!" Mama Chebet akapiga kelele. "Nani ako wapi?"

Hapo Mhandisi Mkuu akavuka kamba. Alikuwa amevua tai, mikono mbele, anakuja kushika mpini.

"Rudi nyuma, Mhandisi," Mama Chebet akamwambia bila kugeuka. "Ukigusa tu, tumeshindwa."

Akasimama kama mtoto aliyekutwa na sukari. Akarudi nyuma ya kamba. Nilimwona akiitazama mikono yake isiyo na kazi, kisha akafumba macho, akafungua mdomo, na juu ya uwanja ule wa Maryland ikasikika sauti kubwa ya Kimarekani:

"Moja. Mbili. Tatu. Ine. Tano. Saba. Nane..."

"Ine", nne ya Kikongo, aliipata kwa Papa Dieudonné. Sita hakuipata kwa mtu, akairuka. Akafika kumi, akatulia, akaanza upya, na sita akairuka tena. Haikuwa na neno. Tuliiruka wote naye. Kila pembe ilipata mizunguko tisa na kuiita kumi, na kwa kuwa zote zilidanganywa sawasawa, lori lilipanda limenyooka. Alipofumbua macho akaniona nakimbia kati ya pembe mbili, akaanza kungoja nifike ndipo aendelee, kama mwalimu wa kwaya anayemsubiri mzee wa besi.

Nyuma ya kamba nilimsikia Kanali. "Yule anafanya nini?"

"Anahesabu, mkuu," akajibu msaidizi wake.

"Anaruhusiwa?"

Karatasi zikafunuliwa. "Kanuni inasema asiguse, mkuu. Kugusa hajagusa."

"Basi mwache."

Huku nyuma, sinia zetu zilikuwa zinaruka kutoka mlangoni moja baada ya nyingine na kutua kwenye nyasi, mpaka pale mahali pakafanana na soko la mitumba linalofungua. Kisha Papa Dieudonné mwenyewe akatoka, shati limechanika bega, waya wa ardhi umemzunguka shingoni na kiunoni kama mtu aliyekwenda kuvua akakutana na chatu. Viatu vyake sitaki hata kuvitaja. Aligongelea kigingi, akabana waya, akainua mkono. Mama Chebet akatazama pimamaji, kile kichupa chenye povu. Povu lilikaa katikati kabisa. Jenereta ikawaka, na badala ya kungoja jeki, antena ikaanza kukunjuka palepale, kwa sababu kazi ya jeki tulikuwa tumeimaliza. Muda tulioupoteza chini ya sinia tuliuokota hapo.

Nilikata mafundo kwa kisu nikiyaomba radhi. Tukaunganisha kibanda. Zuhura akaruka ndani, ushungi umeenda upande.

Tulingoja. Mama Chebet alishika ukingo wa mlango wa kibanda. Nilijua anawaza tuliyokuwa tunawaza wote: mlango wa chai.

"Ninayo ndege," Zuhura akasema ndani. Kisha, "Ninazo nyingi. Zinaufuata mto kwenda kutua. Subhanallah, zimepanga foleni."

Kanali akabonyeza saa. Hakututajia kitu. Alikuja taratibu mpaka nyuma ya lori, akaangalia zile sinia kwenye nyasi, akaokota moja, akalitazama fundo.

"Kwa nini waya wa ardhi ulikuwa chini?"

Mama Chebet alifungua mdomo, lakini Papa Dieudonné alitangulia, akiwa na matope mpaka magotini.

"Mkuu, tulisafisha. Kwa heshima yenu."

Kanali alimtazama juu mpaka chini. Nadhani alikuwa anajitahidi sana. "Nimeona wanajeshi wakipakia vibaya kwa uvivu, kwa ulevi na kwa hasira," akasema. "Kwa heshima, bado." Akamrudishia sinia lake. "Rudisheni fujo yenu."

Siku za kungoja jibu zilikuwa ndefu, chai ilinywewa bila maoni. Siku moja Mama Chebet akapokea simu kwenye kibanda chake cha vioo. Tuliona mgongo wake tu. Akatoka, akasimama katikati ya karakana, akazima feni ili asikike, jambo lisilo la lazima kwa sauti yake.

"Kesho mnakuja kazini," akasema. "Na kesho kutwa. Na mwaka kesho. Na Festo, wewe hata usijaribu kuniambia umeona kazi Alaska."

Zuhura alipiga kigelegele kilichowatoa watu wa duka la matairi nje. Papa Dieudonné alimkumbatia Mhandisi Mkuu, aliyekuwa amekuja kuleta habari akakuta imeshafika. Jumamosi ile tulichoma nyama bustanini, na Mhandisi Mkuu akafundishwa sita rasmi, akala mbuzi kwa mkono, akaomba pilipili, akajuta.

Baada ya hapo kazi ikawa kazi. Papa Dieudonné alichora kwa rangi, kwenye sakafu ya kila lori lililofuata, umbo la nane la kila waya mahali pake, na hakuna mgeni aliyefagiliwa tena. Mashada yalitoka moja baada ya jingine. Nilipanda cheo nikawa mkaguzi wa mafundo, kisha mkufunzi, nikawa nafuatana na Mama Chebet kwenye kambi kuwafundisha askari. Mara ya mwisho tulipokwenda, askari wanne wadogo, umri wa watoto wake, waliisimamisha rada huku sisi tumekaa kwenye viti vya turubai. Hawakutuuliza kitu. Hawakutugeukia hata mara moja. Mama Chebet alikuwa amekalia mikono yake ili isiinuke kuelekeza.

"Mikono yao haijaganda," akasema taratibu. "Umeona? Hakuna anayeweka mkono kwapani." Akatoa leso. Nikaangalia upande wa pili.

Rada ya mwisho ya mkataba ilipotoka, kazi yetu iliisha kwa heshima, si kwa mlango kufungwa usoni. Mama Chebet alistaafu wiki hiyo. Mimi nina arobaini na kitu, si umri wa kustaafu, lakini macho yameanza kukataa pini ndogo, na fundi wa nyaya asiyeona pini ni hatari kwa wenzake. Nikakabidhi koti. Nikavua bangili. Nilipofika mlangoni nilijikuta nimesimama, nasubiri waya unirudishe.

Mkiniuliza ninyi vijana ufundi ule ulinipa nini, sitasema rada. Rada ni ya jeshi, na kwa sasa iko mahali nisipoambiwa. Utaalamu mtajifunza kwa wanaojua kuliko mimi. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba kuna namna ya kufanya kazi na watu mpaka ukaogopa kuwakosa. Siku utakapoogopa hivyo, usidhani umezeeka. Suka vizuri, na usafi uufanye mapema, siyo siku ya mwisho.

Bado natembea. Sikupona. Nimenunua gari lenye kitanda nyuma na nimeanza na jangwa. Juzi nilikuwa kando ya barabara Arizona, jua linachoma mawe, hakuna kitu mbele isipokuwa lami inayotetemeka, na nilikuwa na furaha kama mtoto. Simu ikalia.

"Uko wapi wewe?" Ilikuwa sauti ya kuvuka bonde.

"Arizona, mama."

"Unafanya nini huko?"

"Naangalia barabara."

"Zuhura analeta chapati hapa kwangu, Papa amenunua viatu vingine anataka vionekane. Unarudi lini?"

Nimeulizwa mara nyingi maishani ninakwenda wapi, na nimeondoka lini. Hilo la kurudi hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa sababu hakuna aliyenitarajia.

"Jumamosi," nikamwambia, na palepale nikageuza gari.